Kompyuta Ndani ya Flashi: Ni Kweli au Ni Ulaghai?



Mwezi huu tumeona vema tujibu barua moja tu, kwa kuwa jambo lililomo linawagusa akina mama wengi wanaosomesha watoto. Barua hiyo imetoka kwa mama mmoja wa Kifaru, kule chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Jina lake tunalihifadhi, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Mama huyu anaeleza kwamba nyumbani kwao wana kompyuta mpakato moja, waliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika kwa watu wengine. Mashine hiyo ndiyo inayowatumikia wote. Binti yao mkubwa yuko chuoni, na anapokuja likizo huandikia humo kazi zake. Mama mwenyewe ni mtunza hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na hesabu zote za wanachama amezitunza humo humo. Sasa kompyuta imegoma. Ukiibonyeza inawaka taa, kisha inaonyesha maandishi meupe juu ya kioo cheusi, na hapo ndipo mwisho wake. Fundi mmoja wa mjini amewaambia kuwa diski imekufa na mashine ni ya zamani, heri wanunue nyingine kwa shilingi laki sita. Halafu akatokea kijana wa jirani akasema, "Mama, nunua flashi nzuri, mimi nitakuwekea kompyuta nzima ndani yake. Mashine hiyo hiyo itafanya kazi bila diski. Tena dada akienda chuoni ataichomeka kwenye kompyuta yoyote na kukuta kazi zake zote." Baba watoto amecheka sana na kusema huo ni ulaghai kama wa wale wanaozidisha noti. Mama anauliza: amwamini nani?

Mama mpendwa, kijana huyo hakukudanganya. Anachokisema kinawezekana, na kimefanyika duniani kwa zaidi ya miaka 20. Lakini yapo mambo ambayo hakukueleza, na mojawapo ni la haraka kuliko hilo la kununua flashi. Tutalifikia.

Mpishi, meza na ghala

Hebu tuitazame kompyuta kama jiko la nyumbani. Mna mpishi, ambaye ni kile kipande kinachofanya mahesabu. Mna meza ya kukatia mboga, ambayo mafundi huiita ramu. Umeme ukikatika, kilichokuwa mezani hupotea. Na mna ghala, yaani diski, ambamo vitu hukaa hata mashine ikizimwa. Lakini mpishi, meza na ghala haviwezi kitu bila mwenye nyumba wa kuviamuru. Mwenye nyumba huyo ndiye anayeitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi. Linux ni mwingine. Hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo wewe mama unayepokea picha za wajukuu kwa simu ya Android umekuwa ukiitumia Linux siku nyingi bila kutambulishwa.

Kwa kawaida mfumo endeshi hulala ghalani, ndani ya diski. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, huamka kwanza programu ndogo sana iliyoko kwenye bodi ya mashine yenyewe. Kazi yake ni kukagua vyombo, kisha kuutafuta mfumo endeshi na kuuamsha. Ikiukosa, huandika yale maandishi meupe uliyoyaona. Siri yote ya kijana wa jirani iko hapa: programu hiyo ndogo haijali kama mfumo endeshi umelala kwenye diski ya ndani, au kwenye sidii, au kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni. Ikielekezwa kwenye flashi, itauamsha kutoka huko. Katika kompyuta nyingi za Dell, Lenovo na Toshiba unabonyeza kitufe cha F12 mara tu unapowasha, na orodha inatokea ya kuchagua. Katika nyingi za HP ni Esc kwanza, kisha F9.

Basi si kompyuta nzima inayoingia ndani ya flashi. Mpishi na meza vinabaki kuwa vya mashine. Flashi inaleta mwenye nyumba pamoja na ghala lake. Ndiyo maana binti hawezi kuichomeka kwenye simu au kwenye runinga akategemea kukuta kompyuta, na ndiyo maana flashi moja itakwenda haraka kwenye mashine mpya na kujikokota kwenye mashine ya zamani.

Si jambo la jana

Baba watoto aelezwe kwamba jambo hili lina historia yake. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha Linux akakitoa kwa watu wote. Mwaka 2000, Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima uliotosha ndani ya sidii moja ya megabaiti 700. Uliichomeka, ukaitumia kompyuta, ukazima, na diski ya ndani haikuguswa. Mafundi waliipenda sana kwa kuokolea mafaili kwenye mashine zilizokufa. Mwaka huo huo wa 2000 flashi za kwanza zilianza kuuzwa, na zilipokua na kuwa na nafasi ya kutosha, kazi ya sidii ikahamia huko.

Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo uitwao Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa lililo ndugu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, aliyeomba alitumiwa sidii zake kwa posta bila kulipa hata senti. Na Desemba 2004, hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ili mtu aandike barua na kufanya hesabu akisoma amri kwa lugha yake. Kwa hiyo hata Watanzania wameweka mkono wao katika kazi hii.

Ninyi wa Upare mtaielewa haraka namna vitu hivi vinavyotunzwa. Wazee walichimba ndiva, maji yakakusanywa humo na kugawanywa kwa zamu mashambani, na siku ya kuzibua matope kila kaya ilitoka kwa msaragambo. Linux inatunzwa hivyo hivyo. Maelfu ya watu, wengine wakilipwa na makampuni yao na wengine wakijitolea, wanaitengeneza, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuinakili na kumpa mwenzake. Mmoja akiipakua kwa intaneti ya chuo, kijiji kizima kinaweza kuchukua nakala kutoka kwake bila kumwibia mtu.

Windows si hivyo. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilileta namna ya kuiendesha Windows kutoka kwenye flashi, ikaiita Windows To Go, kwa ajili ya makampuni makubwa. Mwaka 2020 iliiondoa. Kijana akisema atakuwekea Windows ndani ya flashi, mwulize leseni yake iko wapi. Zile programu za kuvunja kufuli zinazozunguka mitaani mara nyingi huja na virusi tumboni, na mbali na virusi, hatuoni ni vipi tutamfundisha binti uaminifu huku kazi zake za chuo zimekaa juu ya kitu cha wizi.

Tena iko sababu nyingine ya akina mama kuisikiliza habari hii sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazina. Mashine hizo hazijaharibika. Zimekosa mwenye nyumba tu, na Linux inaweza kuingia humo.

Kwanza okoeni hesabu

Sasa lile la haraka. Mama, kabla hujanunua kitu chochote, zifikirie hesabu za kikundi. Zimo ndani ya diski ambayo fundi amesema imekufa. Neno "imekufa" kinywani mwa fundi lina maana nyingi. Mara nyingine diski yenyewe ni nzima, ni Windows tu iliyoharibika ndani yake. Mara nyingine diski inaumwa, lakini bado inasomeka. Na mara nyingine kweli imekwisha.

Hapo ndipo flashi inapoonyesha faida yake ya kwanza. Mwambie kijana aje na flashi yenye Linux, aiwashe mashine yenu kutoka kwenye flashi hiyo, kisha afungue diski ya ndani kama anavyofungua kabati la nguo. Hesabu zikionekana, zinakiliwe mara moja kwenye flashi ya pili. Asibonyeze neno lolote la kufuta au la kusimika mfumo upya mpaka hesabu ziwe mahali pengine, na wewe mwenyewe umezifungua na kuziona kwa macho yako. Lakini mkisikia diski inagonga-gonga ndani, zimeni mashine mara moja. Kuendelea kuiwasha ni kuiongezea majeraha, na hapo anatakiwa mtaalamu wa kuokoa mafaili.

Tunasema hivyo kwa mkazo kwa sababu fedha za kikundi si fedha zako. Kompyuta inaweza kununuliwa nyingine. Orodha ya nani ameweka kiasi gani na nani bado anadaiwa ikipotea, inapotea pamoja na amani ya wanawake wote wanaokaa pamoja pale. Kama unalo daftari la karatasi, usiliache.

Namna tatu za kuuweka mfumo

Hesabu zikiisha kuokolewa, sasa tuzungumze juu ya binti. Kijana aulizwe anakusudia kuuweka mfumo kwa namna ipi, maana ziko tatu, nazo zinatofautiana kama kulala hotelini kunavyotofautiana na kujenga.

Namna ya kwanza, mfumo unaamka kutoka kwenye flashi lakini haukumbuki kitu. Ukizima, barua uliyoandika na neno la siri uliloingiza vyote vimekwenda. Ni nzuri kwa kuokolea mafaili na kwa kazi za siri, kwa mfano kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaitumia. Haifai kwa mwanafunzi anayeandika ripoti ya mwezi mzima.

Namna ya pili, flashi inatengewa sehemu ya kumbukumbu, na mabadiliko yanahifadhiwa humo. Kijana mwenye ujuzi anaitengeneza kwa programu ya bure iitwayo Rufus au nyingine iitwayo Ventoy. Inafaa kwa kuanzia na kwa kujaribu.

Namna ya tatu, mfumo unasimikwa kwenye flashi kikamilifu, kama vile ungesimikwa kwenye diski ya ndani. Binti anakuwa na jina lake, neno lake la siri, programu zake, na mfumo unaosasishwa kama wowote ule. Hii ndiyo tunayomshauri. Lakini wakati wa kuusimika ipo hatari: programu ya kusimika huuliza ni diski gani ifutwe. Mtu akichagua vibaya, anafuta kompyuta ya mwenyewe badala ya flashi. Pia programu hiyo huweza kuandika kipande cha kuamshia mfumo kwenye diski ya ndani bila kuulizwa, kisha flashi inakataa kuamka kwenye mashine nyingine. Dawa ni nyepesi: diski ya ndani itolewe kwanza kwenye mashine, ndipo kazi ianze. Kwa kuwa yenu fundi amekwisha kuikataa, itoeni bila hofu, mkishaokoa hesabu. Na kila kilichokuwa kwenye flashi, zikiwamo picha za harusi ya shangazi, kitafutwa. Hamisheni mapema.

Flashi au diski?

Hapa tunatofautiana kidogo na kijana wa jirani. Yeye amesema flashi nzuri. Sisi tunasema, kama mfuko unaruhusu, ni heri diski ndogo ya SSD iliyowekwa ndani ya kasha lenye waya wa USB.

Sababu ni hii. Flashi ya kawaida ilitengenezwa kubeba mafaili kutoka hapa kwenda pale. Mfumo endeshi hauishi hivyo. Unaandika vitu vidogo vidogo mamia ya mara kwa saa, hata wewe ukiwa umekwenda kuangalia sufuria. Kila chembe ya flashi ina idadi ya kuandikwa, nayo ikifika ukomo inachoka. SSD nayo huchoka, lakini ina ubongo wa kugawanya kazi kwa chembe zote, hivyo hudumu zaidi, na mwendo wake ni mkubwa. Na zaidi ya hayo, siku mkipenda mnaitoa SSD kwenye kasha lake na kuifunga ndani ya mashine yenu, mahali ilipokuwa diski iliyokufa, kama ni ya umbo lile lile. Kwa kweli fundi wa mjini angeweza kuwashauri hivyo tangu mwanzo. Diski ikifa, kinachokufa ni ghala. Mpishi na meza bado wazima. Bei ya diski ndogo iko mbali sana na laki sita.

Kama ni lazima iwe flashi, iwe ya USB 3.0 na yenye gigabaiti 64 au zaidi. Tundu la USB la zamani, 2.0, linapitisha kwa kadirio la juu megabiti 480 kwa sekunde. Lile la 3.0, ambalo mara nyingi ulimi wake ni wa buluu, linapitisha mara kumi ya hapo. Wengi wanaolalamika kuwa mambo haya yanakwenda polepole wamechomeka kwenye tundu lisilo sahihi. Na jihadharini na flashi za bandia. Ziko zinazoandikwa gigabaiti 512 wakati ndani mna 8 tu. Unaweka mafaili yanapokelewa vizuri, siku ya kuyafungua hayapo. Kijana aijaribu flashi dukani au siku hiyo hiyo kwa programu ya kupima, ambayo inaijaza yote na kuisoma tena. Akikataa kupima, tafuta kijana mwingine.

Kuhusu aina ya Linux, kwa mashine yenye ramu ya gigabaiti 4 au zaidi tunapendekeza Linux Mint, kwa kuwa sura yake haimshangazi mtu aliyezoea Windows. Kwa mashine dhaifu zaidi iko Puppy Linux, ambayo Barry Kauler wa Australia aliianza mwaka 2003. Ni ndogo hata inaweza kujipakia yote juu ya meza ya ramu na kukimbia. Faili la Mint lina uzito wa gigabaiti 3 hivi, na la Ubuntu 24.04 ni kama 6, kwa hiyo msilipakue kwa bando la simu. Ndani yake mtakuta LibreOffice, inayofungua nyaraka za Word na Excel. Mara chache mistari na majedwali husogea. Binti akimtumia mwalimu kazi yake, aitume kwa PDF ili ifike kama alivyoipanga.

Yapo pia yatakayomkera. Baadhi ya vifaa vya wifi na baadhi ya printa havielewani na Linux mpaka vibembelezwe. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake huenda isifanye kazi. Aulize chuoni kwanza kama kuna programu ya lazima ya namna hiyo.

Kwenye kompyuta ya watu

Kijana alisema binti ataichomeka kwenye kompyuta yoyote. Tungependa aseme: kompyuta yoyote ambayo mwenyewe ameruhusu. Duka la kuchapa, maktaba ya chuo, ofisi ya shule, wote hao wana haki ya kukataa, na wengine wamezifunga mashine zao zisiamke kutoka nje. Mahali pa namna hiyo binti asiichezee mipangilio ya ndani. Iko sababu kubwa. Kompyuta nyingi za ofisi zimefungwa kwa kufuli ya Windows iitwayo BitLocker. Ukibadilisha mipangilio ya usalama wa kuwasha, kesho yake mashine huweza kumdai mwenyewe namba ya tarakimu 48 kabla haijafunguka. Kama hana namba hiyo, mafaili yake amekwisha kuyakosa, na aliyesababisha ni mtoto wako. Mint na Ubuntu kwa kawaida huamka bila kugusa mipangilio hiyo. Atumie tu ile orodha ya F12, basi.

Liko jambo jingine ambalo akina mama wengi hawalijui. Mtu akiwasha kompyuta kwa flashi yake, lile neno la siri la Windows halimzuii tena. Kama diski haikufungwa kwa kufuli ya maandishi, anaona kila kitu: barua, picha, hesabu, matokeo ya wanafunzi. Ndivyo tulivyokuambia ufanye ili kuokoa hesabu za kikundi, na ndivyo mgeni anavyoweza kufanya kwenye kompyuta yako ukimwacha nayo sebuleni. Binti na aambiwe wazi kwamba kufungua diski ya mwenye duka ni sawa na kupekua kabati la aliyemkaribisha. Na wewe mama ambaye umeweka vizuizi kwenye kompyuta ya nyumbani ili mtoto wa miaka 13 asiangalie yasiyofaa, ujue kwamba akipata flashi yenye mfumo wake, vizuizi vilivyowekwa ndani ya Windows havimfuati huko. Hatusemi umnyang'anye flashi. Kaa naye mzungumze.

Faida nayo ni kubwa. Kwenye duka la kuchapa, virusi vilivyomo ndani ya Windows ya pale haviamki binti anapotumia mfumo wake, na maneno yake ya siri hayabaki kwenye mashine ya watu. Wangapi wameacha barua pepe ikiwa wazi dukani, na mtu mwingine akaisoma?

Kitu kidogo hupotea

Flashi ni ndogo kama kidole. Inaanguka kwenye daladala, inafuliwa ndani ya sketi, mtoto mdogo anaificha kwenye tundu la sofa. Kwa hiyo wakati wa kusimika, kijana achague kufunga mfumo wote kwa maandishi ya siri. Atakayeiokota aambulie chuma na plastiki. Neno hilo la siri likisahauliwa, hakuna fundi atakayelifungua, hata awe wa Dar es Salaam. Mama aliandike kwenye karatasi na kulihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Halafu nakala. Kila mwisho wa juma binti anakili kazi zake kwenye flashi nyingine ya kawaida, ile ya bei ndogo, na flashi hiyo isikae mkoba mmoja na ya kwanza. Hesabu za kikundi zifanyiwe vivyo hivyo baada ya kila kikao, na nakala moja ashike katibu. Mfumo unapokuwa unafanya kazi flashi isichomolewe kamwe. Mashine izimwe mpaka taa zote zife. Kwa kompyuta za mezani zisizo na betri, umeme ukikatika ghafla faili lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika, basi mtu ahifadhi kazi yake mara kwa mara.

Kuhusu malipo ya kijana, usimlipe kabla hujajaribu. Mkae naye mezani, wewe na binti. Aiwashe mashine yenu kutoka kwenye diski hiyo mpya, aunganishe wifi ya simu, afungue hesabu za kikundi, aandike mstari mmoja, ahifadhi, azime kabisa. Kisha aiwashe tena, mstari uwepo. Halafu mwende kwa jirani mwenye kompyuta ya aina nyingine, kwa ruhusa yake, mrudie yale yale. Mstari ukionekana na huko, mlipe kwa furaha, na baba watoto awepo.

Neno la mwisho ni la masasisho. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, kama hilo la 24.04 la mwaka 2024, hupata marekebisho ya usalama bure kwa miaka 5, na matoleo ya Mint yaliyojengwa juu yake hufuata njia hiyo. Marekebisho hayo ni mazito kwa bando la simu. Binti ayapakue akiwa chuoni, betri ikiwa imejaa, na kasha limelala juu ya meza mahali ambapo hakuna atakayepita na kukwaa waya.